Rafu Iliyoachwa Tupu

Sogea, wewe uliyeshika maandishi haya, uketi mahali penye mwanga. Kama una viatu miguuni, vivue uviweke pale unapoweza kuviona, kwa sababu nitakayokueleza yanahusu viatu, na yanahusu mguu wa mtu mmoja ambao kwa muda mrefu hatukujua kama ungebaki. Nitakwenda polepole. Ukiona nimerudia jambo, ujue nimelirudia makusudi, kama yeye alivyokuwa akiturudia.

Pale kijijini kwetu Nyanungu sote tulimwita Mwalimu, hata waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Alikuwa amefundisha stadi za kazi: kupiga randa, kushona kifungo, kusuka kamba ya katani, kujenga banda la kuku lisilovuja. Mimi ni mmoja wa wale aliowafundisha kushika randa, na hadi leo nakula kwa randa hiyo. Kiwanja changu na chake vilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Kwa hiyo nilimjua kwanza kama mwanafunzi anavyomjua mwalimu, kisha kama jirani anavyomjua jirani, na hayo ni maarifa mawili tofauti.

Shuleni alikagua viatu. Asiye na viatu alikaguliwa nyayo, moja moja, mguu umeinuliwa kama wa punda anayekatwa kwato. Uchafu aliusamehe. Hakusamehe mwiba uliofichwa. "Mwiba wa leo unaouonea aibu," alisema, "kesho utakuonea wewe." Na mtu huyohuyo, akifika kwake jioni, alivua viatu pale pale kwenye njia ya kuingilia, akavifunga kamba, akavitupia begani, akaenda pekupeku hadi zizini. Alidai ardhi yake anaijua kwa nyayo. Alikuwa akikanyaga shamba lako dakika moja tu, akakwambia palizi imechelewa. Viatu, kwake, vilikuwa vya kuvaliwa mbele za watu.

Misumari aliichukia. Alisema msumari ni wa fundi aliyeshindwa kufikiri. Meza zake, viti vyake, hata kitanda alichomtengenezea marehemu mkewe, vyote viliungwa kwa vigingi vya mti na gundi. Ukimpelekea kazi yenye kichwa cha msumari kinachong'aa, alikigusa kwa kidole, akakutazama, akakurudishia kazi yako. Mimi nilirudishiwa kiti mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jambo jingine alilolisema kila mara ni kwamba usitengeneze kitu cha leo peke yake. Mtoto wa leo mwakani ana mguu mwingine. Mgeni wa leo mwakani ni mkwe. Kitu cha nyumbani kiwe na mahali pa kusogea.

Basi huyo ndiye aliyepata sukari.

Hakumwambia mtu. Tuligundua kwa harufu. Tulikuwa tumekaa jikoni kwake siku ya baridi, moto katikati, yeye pekupeku kama kawaida, akisimulia habari za ng'ombe fulani aliyevuka mpaka na kurudi peke yake. Akanyamaza, akanusa hewa. Akasema kuna kitu kinaungua. Akatazama sufuria, akatazama kuni, akanitazama mimi. Nami niliona kabla yake: kisigino chake kilikuwa kimelalia kaa la moto, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Huko hospitali walimweleza kwamba sukari imezima hisia za miguu. Walimwambia asitembee tena pekupeku. Walimwambia achungulie ndani ya kiatu kila anapotaka kuvaa. Na walimwambia kila siku awepo mtu wa kumkagua nyayo, kwa sababu yeye mwenyewe, kwa umri wake na mgongo wake, asingeweza kuziona. Akipuuza, jeraha dogo lingeoza kimyakimya na mguu ungekatwa.

Alirudi amekasirika kama mtu aliyetukanwa. Nilipojitolea kumkagua mimi, alinijibu kwamba mwanafunzi hakagui nyayo za mwalimu wake. Lakini hofu aliyokuwa nayo niliijua. Kulikuwa na mzee mmoja upande wa pili wa kilima aliyekatwa mguu, ukazikwa nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe akafuata muda mrefu baadaye. "Yule alizikwa mara mbili," Mwalimu aliniambia. "Mura, mimi nataka kwenda mara moja."

Hilo neno, mura, huku kwetu ni kijana. Nilikuwa na mvi tayari, lakini kwake sikukua.

Dada yake, aliyeolewa upande wa Kenya, alivuka mpaka pale Sirari kuja kumwona, akamletea jozi ya viatu vipya vya ngozi vilivyombana. Akakaa siku chache, akawa anamkagua nyayo kwa nguvu, huku wakigombana.

"Ringa tu, ndugu yangu," alimwambia. "Hiyo mguu ikikatwa, utaringa na gani?"

"Nitaringa na ulimi, kama wewe."

Alipoondoka, akabaki mtu mmoja tu nyumbani wa kuweza kuitazama miguu ile kila siku, na mtu huyo ndiye pekee asiyeruhusiwa: mke wa mwanawe.

Hapa naomba nieleze kidogo, kwa ajili ya asiye wa huku. Mwana wa Mwalimu alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli za watalii mbugani, na alirudi nyumbani kwa nadra. Mkewe, Mama Ghati, alitoka Nyambureti, upande wa Serengeti. Yeye ndiye aliyepika, aliyekamua, aliyefua, aliyemkumbusha mkwewe dawa. Lakini kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, kwetu kuna soni. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawakai kuongea ana kwa ana; mke humwita mkwewe tata, yaani baba, na neno lake hupitia kwa mtu mwingine au husemwa huku ameangalia pembeni. Haingii mmoja chumba anacholala mwenzake. Hiyo si chuki, usije ukaelewa vibaya. Ni ukuta ambao watu wawili wanaoheshimiana wanausimamisha ili waweze kuishi uani pamoja. Na mwili, hasa mwili usiovikwa, uko nyuma kabisa ya ukuta huo.

Sasa, ukuta huo nyumbani kwa Mwalimu ulikuwa na mlinzi wake, na mlinzi huyo ni viatu. Chumba cha kukaa kilikuwa katika nyumba kubwa ya mwanawe; humo ndimo redio ilimokuwa, na uji wa Mwalimu uliwekwa humo. Kila aliyeingia aliacha viatu mlangoni. Mwalimu akiziona ndala za Mama Ghati kizingitini, alikohoa na kugeuza njia. Mama Ghati akiviona viatu vya Mwalimu, alizungukia mlango wa nyuma. Hakuna aliyewahi kuwafundisha hivyo. Viatu vilisema, nao walisikia.

Mwalimu, baada ya kuambiwa habari za kuchungulia viatu, aliamua atengeneze stendi. Kuku walikuwa wanatagia ndani ya gambuti, nge walishaonekana, vumbi la kiangazi lilijaa kila kitu. Akachora, akaniita tufanye pamoja. Ilikuwa kazi safi ya mbao za saipresi, rafu za kupandisha na kushusha, na milango miwili mbele ya kufunga vizuri. Aliiweka ndani, nyuma ya mlango. Akawaagiza wote kwamba viatu havibaki tena nje. Alifurahi. Alifungua na kufunga milango ile kama mtoto.

Pengine wewe umeshaliona kosa. Sisi hatukuliona, wala yeye.

Asubuhi moja Mwalimu alikuja kunywa uji. Kizingiti kilikuwa kitupu, hakuna ndala. Akaingia. Mama Ghati alikuwa ametoka kuoga, amejifunga kanga moja, anapita kwenda chumbani kwake. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alirudi kinyumenyume hadi akagonga mgongo kwenye mhimili wa baraza, akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko hadi jua lilipozama.

Wazee wawili walikuja, maneno yakasemwa, ikaisha. Yaani iliisha kwa wazee. Kwake haikuisha. Alijifungia kwenye kijumba chake cha zamani alimokuwa akilala na hakukanyaga tena nyumba kubwa. Mama Ghati aliacha chakula juu ya kigoda mbele ya kijumba, akaondoka. Alikirudia baadaye, akakikuta vilevile, kimefunikwa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kutisha, kwa sababu dawa aliendelea kumeza. Mgonjwa wa sukari akimeza dawa bila kula, anaweza kuanguka asiamke. Mama Ghati alinijia kwenye ua wa minyaa, amefumbata mikono.

"Jirani," alisema, "mwambie tata mimi sina neno. Mwambie ale tu."

Nilikwenda. Shikamoo yangu aliipokea kwa sauti ndogo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na jasho limemjaa usoni wakati hapakuwa na joto. Nilimpa chai yenye sukari, nikangoja. Alipopata nguvu nilitegemea atazungumza juu ya soni, au juu ya mwanawe, au anifukuze. Alisema hivi: "Kosa si la mkwe. Kosa ni la milango."

Siku ile ile aliing'oa milango ya stendi. Akawapa kuku iwe banda lao, kama alivyosema mwenyewe. Kisha akaibomoa stendi nzima, akaanza upya, safari hii ya kuwekwa barazani, pale ambapo mtu anaiona tangu njia ya kuingilia.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana unaweza kuitengeneza hata wewe. Miti minne inasimama, miwili mbele na miwili nyuma. Kila mti una safu ya matundu tangu chini hadi juu. Rafu si ubao mpana. Ni fito mbili tu, moja ya mbele na moja ya nyuma, kila moja imelalia vigingi viwili vinavyochomekwa kwenye matundu. Ukitaka nafasi ya gambuti, unachomoa vigingi, unapandisha. Mtoto akikua, unaachanisha. Hakuna msumari hata mmoja.

Tuligombana juu ya jambo moja. Ufito wa nyuma aliuweka juu zaidi kuliko wa mbele, kwa hiyo rafu nzima ililala kwa mbele. Kiatu kiliingia kwa ncha, kisigino kikabaki chini, upande wa mtu anayetazama.

"Mwalimu, viatu vitateleza."

"Vikiteleza tutaweka ukingo kwenye ufito wa mbele. Lakini kiatu kilicholala sawasawa kinaficha tumbo lake."

Alikuwa sahihi. Kwa mlalo ule, mwanga wa asubuhi uliingia ndani ya kila kiatu hadi kwenye vidole. Ulisimama uani, ukaona soli ya ndani, ukaona kama kuna kokoto au mdudu, bila kuinama.

Jambo la pili sikuligombea kwa sababu nilidhani ni usahaulifu. Viatu vyake viliwekwa rafu ya juu. Chini yake akaacha fito mbili zenye nafasi kamili, tupu. Halafu ndipo zikaja ndala za Mama Ghati, na chini kabisa viatu vya watoto, wajukuu zake. Nilimwambia ameruka rafu.

"Sikuruka," alisema. "Mimi na yeye hatukai meza moja. Kwa nini viatu vyetu vikae?"

Akarudi kunywa uji wake nyumba kubwa. Hakuvuka tena kizingiti bila kuitazama stendi. Mama Ghati naye hali kadhalika. Watoto walijaribu kuweka mpira kwenye ile rafu tupu, Mwalimu akautoa, wakaacha.

Lakini mguu ulibaki hauna mkaguzi. Nilimuuliza, akabadilisha mazungumzo. Nilimuuliza tena, akaniuliza kama kiti changu bado kinayumba. Alichungulia viatu asubuhi, ni kweli, ila macho yake nayo yalikuwa yameanza kufifia kwa ugonjwa uleule, na hilo pia hakumwambia mtu. Kila nilipomwona anachechemea nilihesabu hatua zake kwa wasiwasi, kisha nikajiambia ni uzee.

Sasa nifike kwenye asubuhi niliyotaka kukupeleka.

Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa shule. Amevaa koti, soksi nyeusi, kofia. Nilikuwa nimempitia twende pamoja. Tulipofika barazani, kiatu chake cha kushoto kilikuwa mahali pake. Cha kulia kilikuwa kimepinduliwa, soli juu, katikati ya rafu ile tupu.

Alisimama.

"Nani amegusa kiatu changu?"

Watoto walikuwa shuleni. Mama Ghati alikuwa mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo, anapepeta ulezi. Ungo ulisimama.

"Jirani," alisema bila kugeuka, "mwambie tata kiatu kina damu ndani. Mwambie asiingize mguu."

Nikamwambia, kana kwamba hakusikia. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mwambie," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, "viatu vyangu haviguswi."

Nikamwambia.

"Mwambie nimekigusa kwa pindo la kanga. Akitaka kunirudisha Nyambureti, anirudishe. Lakini kwanza aingize mkono."

Sikulirudia hilo. Mama Ghati alikuwa amevuka rafu tupu, mbele ya shahidi, na alijua vizuri anachokivuka. Neno moja la mzee yule lingemfikia mumewe kwa simu kabla ya saa sita. Ungo ulikuwa umeshikwa hewani, na punje chache zilikuwa zikidondoka upande mmoja, tik, tik, kwenye sakafu ya udongo.

Mwalimu akanyoosha mkono. Akakichukua kiatu, akaingiza vidole taratibu hadi mwisho. Alipovitoa, vilikuwa vimelowa, vyekundu kuelekea kahawia.

Alivitazama. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine, akauinua.

"Mura," alisema. "Kagua."

Nilivua soksi. Ilikuwa imegandia. Chini ya kidole kidogo palikuwa na tundu lenye kingo nyeupe, na harufu niliyoitambua. Kwenye soli ya ndani ya kiatu, ncha ilichomoza, ndogo kama punje ya mchele: kimsumari cha viatu. Soli ilikuwa imeachia, naye aliona aibu kumpelekea fundi viatu jambo dogo kama hilo, akaipigilia mwenyewe. Maisha yake yote alikataa msumari kwenye mbao. Mmoja tu aliuruhusu, na huo ndio ulioingia mguuni.

Niliita pikipiki, tukaenda hospitali Tarime. Mama Ghati hakutoka jikoni hadi tulipoondoka, lakini nilipogeuka njiani nilimwona barazani, amesimama mbele ya stendi, mikono nyuma.

Daktari alisema wiki moja zaidi ingetosha kuupoteza mguu. Kidole kidogo hakikupona, wakakiondoa. Mwalimu alikaa wodini muda, dada yake akavuka tena mpaka kuja kumgombeza, naye akamwambia sasa ana kisingizio cha kununuliwa viatu vipana.

Aliporudi nyumbani nilikuwepo. Asubuhi ya kwanza alitoka kijumbani kwake kwa fimbo, akaenda hadi kwenye stendi. Viatu vyake, vile vipana, vilikuwa rafu ya juu, vyote viwili vimekaa wima. Akaviangalia. Kisha akaingiza mkono ndani ya kila kimoja, akijua kabisa kwamba kuna mwingine aliyeshatangulia kuvipitia kwa pindo la kanga. Mlango wa jiko ulikuwa wazi.

"Jirani," aliniita, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "mwambie viatu vimekaguliwa vizuri."

Kabla sijafungua mdomo, nilisikia kicheko kutoka jikoni, kifupi, kikazimwa haraka na kiganja. Mwalimu akaangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Lakini naye alikuwa anacheka.

Ikawa hivyo hadi mwisho. Kiatu kikiwa kizima, kilikaa wima mahali pake. Kikiwa na neno, alikikuta kimepinduliwa kwenye rafu tupu, naye aliniita. Sijui hadi leo kama ule mlalo aliufanya kwa ajili ya macho yake mwenyewe, yaliyokuwa yanafifia, au kwa ajili ya macho ya mwingine ambaye asingeweza kumwomba. Nilimuuliza siku moja, akaniuliza kama kiti changu bado kinayumba.

Alifariki kwa kifua, si kwa mguu. Tulimzika mara moja. Rafu ya juu haijapata mwenyewe bado. Vigingi vyake Mama Ghati huvikaza kila msimu wa mvua ukipita, maana mti ukikauka hulegea.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuvaa, kichukue kiatu chako, kipindue, kigonge soli, uingize mkono hadi kwenye vidole, upapase kote. Ukitoa mkono ukiwa mkavu na salama, ndipo uingize mguu.